Nilikusemea kwa Kiingereza, Yaya

Yaya Anselme,

Kesho tunapanda treni ya Kasai. Nimeona nisiondoke bila kukuaga, kaka yangu, maana wewe ulipokuwa unasafiri, hata kwenda Sakania tu na kurudi, ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba kuaga mpaka treni inakaribia kukuacha. Basi na mimi ninaaga. Ninaandika kwa Kiswahili cha masista, kile ulichokuwa unakicheka ukisema kimepigwa pasi. Cha nyumbani kikitaka kutoka kitatoka chenyewe, sitakizuia.

Nianze na hili: mimi sijalia. Wanawake wa hema la pili wanasema, huyu Ntumba ni mdogo mtu wa namna gani, kaka amekufa na macho makavu. Waache waseme. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Ninakula bukari na mboga. Ninafua. Ninapanga mstari wa maji. Watu wakinipa pole ninaitikia asante, na asante inatoka vizuri kabisa.

Godoro lako amelichukua Mama Kapinga, yule aliyekuwa anauza mandazi kwenye kona ya nyumba yetu, maana mgongo unamsumbua. Shati lako la kazi liko kwangu. Hema bado linavuja pale pale. Ulisema litashonwa, halijashonwa. Habari za kambi ndizo hizo, usifikiri umekosa kitu.

Wakati mwingine ninakaa nakumbuka tulivyofika hapa, na hata hiyo naikumbuka kama jambo la watu wengine. Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake, sisi watu wa Kasai tukawa wageni palepale tulipokuwa tumekaa. Mimi na wewe tulizaliwa Lubumbashi hii hii. Baba alitandika reli zake. Kasai tulikuwa tunaijua kwa hadithi za nyanya tu. Lakini jirani akikuambia "Mwende kwenu," unamjibu nini, na kwenu ni hapo hapo unapofagia? Tukafunga vyombo ndani ya mashuka, tukakimbilia uwanja wa wale askari wa kofia za buluu waliotoka nchi za mbali, maana kwao angalau hakuna aliyetupiga. Uwanja ukawa kambi. Kambi ikajaa hata ukikohoa, hema la jirani wanakujibu pole.

Na wale askari, Kifaransa hawajui, Kiswahili hawajui. Wanasema Kiingereza. Katika umati wote ule, mtu aliyekisikia vizuri ulikuwa wewe.

Ulikipata Sakania, miaka ile ulipokuwa karani wa stesheni pale mpakani, treni za Rodezia zikiingia na kutoka. Ulinieleza mara nyingi, mpaka mimi nikawa karani vilevile. Kabla treni haijavuka, unampigia simu karani wa upande wa pili, unamwomba njia. Na huwezi kusema nipe njia tu, kama mtu anayeomba chumvi. Kazi ina kitenzi chake: request. Ulikuwa unasema, "Ask inatembea bila viatu. Request imevaa koti." Ee Yaya, koti lile ulilipenda! Ulikuwa unalitamka umenyoosha shingo, kama karani mkuu amesimama nyuma yako anasikiliza.

Ukaanza kutufundisha asubuhi, kwenye mstari wa maji, ndoo miguuni. Ubao hakuna, chaki hakuna. Unachukua kitenzi kimoja, unakipitisha mstari mzima, kila mtu anakitia ndani ya sentensi yake. Sheria ulikuwa nayo moja, na hukuilegeza hata kwa wazee. Sentensi iwe ya kweli. "Usirequest kitu hautaki, hata kwa kujifunza tu. Mudomo utazoea kudanganya." Basi watu wakaomba maji, sabuni, blanketi. Mzee mmoja akasimama wima akaomba jino lake. Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika, na wewe ulicheka kuliko sisi. Halafu zamu ikamfikia Mama Kapinga, akasema polepole, "I request my house." Hakuna aliyecheka. Ukamwambia, "Iko muzuri, mama. Sentensi iko sawa." Ukampa kitenzi mtu wa nyuma yake.

Mimi nilikuchosha. Nilikuwa naweka please mbele, please nyuma, na katikati naomba radhi. "Ntumba, unaomba ao unaimba? Kitu chenyewe iko wapi? Taja kitu!" Nikakujibu kwamba mtu aliyelelewa vizuri hataji kitu haraka hivyo. Ukasema, "Njo maana Bazungu banatuachaka na njaa." Ukanipiga sikio kidogo kwa kidole, kama tulipokuwa watoto.

Kila siku ulisimama mbele ya meza ya yule afisa mrefu mwekundu. Nyuma yako watu wamejipanga, kila mmoja anakunong'oneza haja yake mgongoni, na wewe unaigeuza na kuipeleka mezani ikiwa imevaa koti. Mwanamke amejifungua, anataka maziwa. Mzee amepoteza miwani. Wawili wamegombana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, hao uliwafukuza. Ulikuwa mdomo wa kambi. Nikikutania kwamba mdomo huo utachakaa, ulikuwa unasema mdomo hauna gharama.

Halafu mvua. Hapo sitaandika mengi, ulikuwepo mwenyewe. Kifua kilikushika jioni, daktari wao akaja na sindano, usiku akaja tena. Neno la maana ulisema moja tu, "Munipeleke kwa Veronika." Nikasema ndiyo. Nilisema tu kama watu wanavyomwitikia mgonjwa. Asubuhi nikakuletea chai, ukanywa kidogo, nikageuka kuweka kikombe chini, nilipogeuka tena ulikuwa umekwenda. Chai ilikuwa bado ya moto. Nikaimwaga nje, nikaosha kikombe. Ndiyo hivyo nilivyofanya, Yaya. Niliosha kikombe.

Baadaye ndipo ile ndiyo yangu ikaanza kunikaba. Veronika wako amelala katika makaburi ya mjini tangu kabla ya vurugu hizi, na ulijinunulia mahali ubavuni pake. Lakini watu wa kambi hawazikwi mjini. Wanazikwa siku hiyohiyo, nyuma ya ile mikaratusi, katika mtaro mrefu, mmoja kando ya mwenzake, bila kilio, bila msalaba wenye jina. Kwenda mjini, barabara ina vizuizi na vijana wenye bunduki wanaouliza kabila. Bila gari la kofia za buluu hufiki. Na gari liko kwa yule afisa. Na mtu wa kumsemesha afisa amelala kwenye mkeka, taya imefungwa kitambaa.

Wewe unajua kwetu mwenye kilio hajisemei. Yeye anakaa chini, analia, kazi yake ni hiyo. Neno la maiti linachukuliwa na mkubwa wa ukoo. Na mkubwa naye haanzi hivihivi. Anasalimu, anataja wazazi, kisha ananyamaza, anangoja mwenye nyumba amwulize, "Mumekuja na nini?" Akiulizwa, hapo anafungua maneno. Ukianza bila kuulizwa, ni kama umemtupia mwenzako maiti mlangoni.

Basi Baba Mukubwa Mukadi akaazima koti, akavaa kofia yake ya misa, akaniambia, "Wewe utageuza maneno tu. Neno ni langu." Nikafurahi, ikiwa ile ni furaha. Nilitaka sana awepo mtu mwenye neno.

Tukafika mezani. Baba Mukubwa akasalimu kwa Kiluba, moyo wenu, moyo wenu, nami nikamwambia afisa good morning, na tena good morning. Akamwuliza hali ya nyumbani kwake. Afisa akasema nyumbani wazima. Akamwuliza hali ya baba yake, na ng'ombe. Afisa akashangaa, akatabasamu, akasema baba yake kweli ana ng'ombe, nao wazima. Baba Mukubwa akanitazama, unaona, huyu mtu amelelewa. Akaanza kutaja ukoo, babu, na baba wa babu, na yule aliyevuka mto, mpaka Kiingereza changu kikaishiwa, wazee wengine nikawaacha njiani, wanisamehe.

Halafu akanyamaza. Akaweka mikono juu ya fimbo, akangoja aulizwe.

Afisa naye akangoja. Alifikiri labda bado. Sisi tunangoja aulize, yeye anangoja tuseme. Nzi akatua juu ya karatasi, akaondoka. Nyuma yetu nilisikia gari la mtaroni linafunguliwa mlango, na wale wabebaji wanaitana. Walikuwa wanaanzia mahema ya upande wetu.

Mwishowe afisa akaona kwamba tumekuja kumsalimu tu, heshima ya wazee. Akasimama. Akamshika Baba Mukubwa mkono kwa mikono miwili, akashukuru, akachukua kofia yake aende. Baba Mukubwa akabaki na mkono hewani. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Hayauliza. Angoje kwanza, aulize." Na mimi nikawaona wabebaji wameinama mlangoni mwa hema letu.

Yaya, sikuamua. Ningependa kukuambia nilijipa moyo, nilikukumbuka, lakini sikukumbuka kitu. Nilisikia tu sauti. "Sir. I request." Na kitu nikakitaja chote bila kupumzika: gari moja, askari, maiti ya kaka yangu, makaburi ya mjini, ubavuni kwa mke wake, leo, sasa hivi. Hakuna please hata moja.

Afisa akageuka. Akauliza ni nani amekufa. Nikataja jina lako.

Akaivua tena kofia aliyokuwa ameivaa. Akasema tangu asubuhi alikuwa anauliza askari wake Anselme yuko wapi, mbona leo amechelewa. Alikuwa anakungoja wewe uje umgeuzie maneno. Alidhani sisi wazee na wanawake tumetangulia kusalimu tu, na wewe uko nyuma unakuja na haja yenyewe.

Akatoa gari. Akaweka masharti: ndugu wawili tu, haraka, na njiani asisikike mtu analia, maana kilio kingewaita wale wa vizuizini. Nikamgeuzia Baba Mukubwa masharti yote, moja baada ya jingine. Akapanda.

Mchimba kaburi wa mjini alikuwepo, mzee wa Kibemba, tukasikilizana kwa Kiswahili. Akasema udongo umelowa, anaomba wasaidizi wawili. Nikageuka, I request two men. Afisa akauliza itachukua muda gani. Nikamwuliza mzee, nikarudisha jibu. Askari mmoja akauliza kina kinatosha. Nikauliza, nikarudisha. Mzee akasema sepetu yao ni bora, wamwazime. Nikaomba sepetu. Nilikuwa nimesimama kati ya watu wawili kama mwenye duka, Yaya, uso huku, uso huku, na walipoanza kukushusha nilikuwa bado namalizia sentensi ya sepetu. Udongo wa kwanza sikuuona. Nilipotazama ulikuwa umefunikwa tayari. Baba Mukubwa akasali Baba Yetu peke yake. Nilitaka kumwitikia, na afisa akanigusa bega, akaomba nimwambie mchimba kaburi saa imekwisha. Nikamwambia.

Uko karibu na Veronika. Ubavu wa kulia, kama ulivyotaka. Msalaba wake umeinama kidogo lakini jina linasomeka. Lako nililiandika mimi kwa rangi ya gari lao.

Tukarudi kambini. Tuliposhuka Baba Mukubwa akasema, na hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Umejisemea kilio chako, Ntumba. Sasa nani atalia?"

Nilingoja niingie hemani. Nilijua nikifika kwenye mkeka wako kilio kitatoka. Nikafika, nikaukunja mkeka, nikauweka pembeni. Nje watu walikuwa wameshajipanga. Walikuwa wamesikia kwamba mdogo wa Anselme amesema na afisa, na gari limetoka. Mwanamke wa kwanza akaninong'oneza mgongoni kwamba mtoto wake ana homa. Nikaenda mezani.

Tangu hapo ninaenda kila siku. I request milk. I request a doctor for this woman. Na wanaokufa pia, Yaya, wanakuja kwangu. Wengine ninapata gari, wengine afisa anatikisa kichwa, barabara haipitiki, na mimi ndiye ninayegeuka kumwambia mama mtu. Ninamwambia kwa Kiluba kizuri. Halafu ninamwita anayefuata. Zamani nilidhani wewe ulikuwa hodari kwa sababu hukuumia. Sasa sijui maumivu ulikuwa unayaweka wapi. Ungeniambia basi, si ulikuwa mwalimu?

Mstari wa maji nimeushika mimi. Nilifikiri hawatakuja. Wamekuja, hata Baba Mukubwa, siku moja, na ndoo yake, akajipanga nyuma kabisa kama hanijui. Kitenzi kikamfikia. Akavua kofia. "Good morning, sir. How is your father. How are the cows. I request..." Mstari ukaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, Baba Mukubwa, ng'ombe waache, taja kitu. Akanijibu kwa ukali, "Ng'ombe iko sentensi ya kweli. Njo alisema biko bazima." Mimi pia nilicheka. Nilijisikia nikicheka, nikashangaa, maana kicheko kimeweza kutoka na kile kingine bado kimekwama.

Ile sentensi hakuimaliza siku ile. Alisema anaomba muda.

Sasa treni. Wanatupeleka Kasai sote, hema kwa hema, behewa kwa behewa. Wazee wengine wanaimba. Mama Kapinga anauliza kila mtu kama Kasai kuna ngano, kwa sababu ya mandazi yake. Mimi ninaenda nchi nisiyoijua, ninaacha nchi iliyonikataa, na ndani yake wewe na Veronika. Hakuna atakayepalilia. Yule mzee wa Kibemba nilimwomba, akasema atajaribu, lakini ana makaburi mengi. Hilo linaniuma. Nimeandika linaniuma, na ni kweli, sijadanganya. Liko mbali bado, lakini nalisikia.

Jana Baba Mukubwa alikuja hemani, akakaa, akanisalimu sana, akaniuliza hali ya mgongo wangu, hali ya masanduku, mpaka nikajua ana neno. Nikamwuliza, kama inavyotakiwa, Baba Mukubwa, umekuja na nini?

Akasema amefikiri. Kwamba matanga yako hayajaketiwa. Tukifika kwa ndugu wa nyanya, atavaa koti, atanitangulia kwa hatua chache, nami nisifungue mdomo hata nikisalimiwa. Kule watamwuliza, maana ni watu wetu, na yeye atasema. Atawataja wazee wote, hakuna atakayeachwa njiani. Kisha atataja jina lako. "Na wewe," akasema, "utakaa chini na banamuke. Kazi yako itakuwa moja."

Nikamwitikia. Hii ndiyo yangu si ya kumwitikia mgonjwa, Yaya. Ninakuahidi. Nitashuka katika treni ile, nitamwachia neno mwenye neno, sitageuza sentensi ya mtu yeyote, awe afisa, awe askofu.

Kwetu anayeondoka ndiye anayemwambia anayebaki, shala bimpe, baki vizuri. Shala bimpe, Yaya. Nisalimie Veronika. Mwambie nilichelewa kuwaletea maua kwa sababu nilikuwa kazini.

Nitakaa chini, na kilio changu kitakuwa changu.

Mdogo wako,
Ntumba